Cusco au Ollantaytambo?

Dada, umeuliza ulale wapi siku mbili za kwanza Peru kabla ya Machu Picchu, yale magofu ya Wainka, watawala wa kale wa huko. Usianzie Cusco. Mji uko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka tu kwenye ndege kichwa kinagonga, ngazi kumi zinakumaliza pumzi. Panda gari palepale uwanja wa ndege hadi Ollantaytambo, mji mdogo ulio chini zaidi, kama mita 2,800, na treni ya kwenda Machu Picchu unaipandia hapohapo. Vichochoro vyake vina mifereji ya mawe ya enzi za Wainka, maji yanapita mpaka leo, usiku unayasikia ukiwa kitandani. Njiani pitia mashamba ya chumvi ya Maras. Cusco iache mwishoni, mwili ukishazoea. Lima, mji mkuu? Mimi ningeipa siku moja, ya kula ceviche tu, samaki mbichi wa ndimu.