Mashabiki wako nao wanazeeka, mdogo wangu

Wiki iliyopita binti mmoja anayeimba aliniandikia. Wimbo wake wa kwanza ulipigwa kila kona, wa pili ukapokewa vizuri, huu wa tatu una mwezi tangu utoke na hakuna anayeuulizia. Ananiuliza: "Dada, wameshanichoka?" Ningemjibu kwa mstari mmoja, ila ujumbe wake umenikuta nimetoka kuimba kwenye kicheni pati Jumamosi, na yaliyonipata pale bado yananitetemesha. Basi nawajibu wote mnaoshika maiki.

Nilianza taarabu ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dar es Salaam, nikiwa na miaka 22. Kundi sitalitaja. Wimbo wangu mmoja ulishika, ukashika kwelikweli. Asikudanganye mtu, hakuna utamu kama kuona ukumbi mzima wa wanawake umesimama kabla hujafungua mdomo, kinanda kimelia tu wameshajua. Walipanda jukwaani wakicheza, noti inapitishwa kwanza mbele ya uso wa mbaya wake, ndipo inakuja kubandikwa kwenye paji langu la uso. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumpasha, na mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Nilidhani wananipenda mimi. Walipenda kusemewa, na hilo nilichelewa mno kulijua.

Nikajifungua, nikanenepa, nikarudi baada ya miezi minane nikakuta nafasi yangu ina binti mwingine. Nikawa naimba mwanzo wa onyesho, watu wanatafuta viti. Usiku mmoja Temeke, niko ubeti wa pili, mwanamke wa dera la kijani aliyekuwa akinitunza noti kila Jumapili akapaza sauti: "Mama, pumzika!" Ukumbi ukacheka. Nilikuwa na miaka 31. Nimesamehe, lakini ile sauti nikiisikia hata sokoni nitaitambua.

Kosa langu likaja hapo. Niliwakimbilia waliocheka. Zamu yangu ya mchezo, ule wa kuchangishana pesa, ilipofika, pesa yote nikaipeleka studio, nikaimba kwa mtindo wa vijana, sauti imenyooshwa na kompyuta mpaka mama yangu mzazi aliuliza ni nani huyu. Vijana hawakunitaka, na watu wangu wa zamani hawakunitambua. Baada ya hapo niliuza vitenge miaka kadhaa. Hiyo haina hadithi.

Katika miaka hiyo nilikuwa nawawaza wakubwa zetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, akauza vyungu kwa kutembeza. Alipopata jina waliimba kumkejeli kuwa alikuja mjini na kaniki, nguo nyeusi ya kimaskini. Akawajibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa Kiarabu kwa Sultani, yeye akaiimba kwa Kiswahili, na visa halisi vya mjini ndani yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza Siti huyo, na dunia ilikuja kumjua akiwa tayari ni bibi. Tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, aliipata mwaka 2005, miaka minane kabla hajafariki. Fikiria naye angeambiwa apumzike, akasikia!

Na Khadija Kopa. Miaka ya 1990 akiwa kundi la TOT, ushindani wake na Nasma Khamis wa kundi la Muungano uliwagawa watu hadi majumbani. Leo kuna watoto wanaomjua kwanza kama mama yake Zuchu, yule wa Bongo Fleva. Mwanawe alipotoka mwaka 2020 alimshirikisha, na mama aliingia kwenye wimbo akiwa Kopa yuleyule. Hakujifanya binti. Mimi nilijifanya binti, ndiyo tofauti yetu.

Sasa Jumamosi. Bibi harusi mtarajiwa alinitafuta mwenyewe kwa simu. Nilimwomba mpiga kinanda ashushe wimbo, maana kule juu sifiki tena, na nilipanda nikiwa na hofu ya Temeke. Kinanda kikalia. Yule binti akaimba ubeti wa kwanza wote pamoja nami, neno kwa neno, ubeti niliourekodi yeye hajaanza kutembea. Kisha mama yake akainuka, polepole, goti linamsumbua. Noti ya elfu kumi ilikuwa imekunjwa mara nne, ina joto, imetoka kifuani. Hakuibandika usoni. Aliifumbatisha kwenye kiganja changu, akaning'ang'ania, akaniambia sikioni: "Nilipoachwa, kaseti yako ndiyo nilikuwa nafulia nguo. Huyu alikuwa mgongoni." Sikuweza kuumaliza wimbo. Waliumalizia wenyewe.

Kwa hiyo hawajakuchoka, mdogo wangu. Waliokupenda mwaka wa kwanza wameolewa, wamehama, wana watoto wachanga, hawana tena usiku wa kwenda ukumbini. Nao wanazeeka kama wewe. Usiwakimbie kwenda kwa wasiokujua. Usibadilishe sauti yako kwa sababu ya maneno ya Instagram. Mtu anayekuandikia "umefulia" saa nane za usiku hajawahi kukutunza hata shilingi. Imba kwa sauti uliyonayo leo, ikishuka ishushe, wala usione aibu. Ninawasihi, msiikimbie sauti yenu! Wajue watu wako kwa majina, uliza wanapitia nini, uwasemee. Narudia: uwasemee. Wengi wetu tukishapata jina tunaanza kujisemea wenyewe, magari yetu na wabaya wetu, halafu tunashangaa ukumbi umekaa kimya.

Huo wimbo wako wa tatu nimeusikiliza mara mbili. Kiitikio umekiazima kwa mwenzako, nakwambia kwa upendo. Lakini ubeti wa pili, ule wa mama anayehesabu chenji gizani ili watoto wasimwone, huo ni wako. Uimbe huo peke yake, bila biti, mbele ya wanawake kumi wa mtaani kwenu, kisha uniandikie ni nani aliyeinamisha uso.