Maswali ya wasomaji: Paipu ya alumini inakunjamana huku, inapasuka kule

SWALI: Habari za kazi fundi wetu. Nina paipu za alumini aina ya 6061, kipenyo mm 60, ukuta mm 2. Nazijaza maji ndani ya kalibu, pistoni mbili zinasukuma ncha na presha inapanda ili katikati ivimbe ikae mraba. Sasa zinatoka na makunyanzi karibu na ncha, nikiongeza presha niyafute paipu inapasuka katikati. Nishatupa nyingi mno. Nipunguze presha au niongeze?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hapo usihesabu shida mbili, ni moja tu, kusukuma na presha haviendi pamoja. Paipu ikivimba lazima alumini itoke mahali, na inatakiwa itoke kwenye ncha unazosukuma, sasa ukiwahi kusukuma presha ikiwa bado ndogo ukuta hauna kitu cha kuushikilia kwa ndani basi unajikunja palepale karibu na pistoni, na ukiwahi presha ukuta unajibana kwenye kalibu, msuguano unazuia alumini isifike katikati, kule kunavutika mpaka kunakuwa kwembamba kunapasuka. Kata paipu moja kwa urefu upime ukuta, utaona ncha ni nene kuliko mm 2 na pembeni ya mpasuko ni nyembamba kabisa.

Kwanza, je, umezilainisha kwa moto? Nyingi zinauzwa zikiwa T6, yaani zimekazwa kwa joto, ambayo inaanza kuvutika bila kurudi kwenye MPa 276 hivi (MPa ni kipimo cha mkazo na presha, moja ni ba 10), wakati 6061 iliyolainishwa ni kama MPa 55 na inavutika zaidi. Zipashe nyuzi 415 za Selsiasi saa mbili tatu, halafu zipoe polepole, nyuzi 28 hivi kwa saa mpaka ufike 260.

Kisha piga hesabu, zidisha hiyo MPa kwa unene wa ukuta ugawe kwa nusu kipenyo: 55 mara 2 gawa 30, unapata MPa 3.7, yaani ba 37 hivi, hapo ndo paipu inaanza kuvimba. Anza kusukuma ukikaribia hapo, kusukuma na presha viongezeke taratibu kwa pamoja, ukimaliza kusukuma ndo upandishe presha ya mwisho ya kujaza kona. Kona inataka presha kubwa kwelikweli, kona ya nusu kipenyo mm 6 kwa hesabu ileile ni zaidi ya ba 180, na kwa vile alumini imeshakaza kwa kuvutwa itazidi hapo sana.

Kikunyanzi kilicholala, unachokipitishia kidole kama wimbi dogo, usikiogope maana presha ya mwisho inakinyoosha, tena kimekuwekea akiba ya alumini. Kilichojikunja kikalaliana hakinyooki tena hata ufanyeje, hiyo paipu weka pembeni.

Kingine, piga alama ya kalamu juu ya kila paipu kabla ya kuiingiza, na kila moja izungushe robo duara kuliko iliyotangulia. Mpasuko ukifuata alama basi kosa ni la paipu yenyewe, pengine ukuta una upande mwembamba au kuna mstari wa maungio uliobaki tangu ilipotengenezwa, ukibaki upande uleule wa kalibu angalia mafuta ya kulainisha kalibu na kona za upande huo.