Re: Zetec au injini ya MX-5 kwa gari la kujiundia?

Mkuu, umeuliza uweke injini ya Ford Zetec ya 2.0 au ya Mazda MX-5 1.8 kwenye hiyo kit yako (gari la kujiundia) ya mtindo wa Lotus Seven, kile kigari cha wazi chenye injini mbele na kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma, huko Uingereza. Mi ningechukua MX-5 fasta. Imekaa kwa urefu toka kiwandani na giaboksi lake lipo nyuma tayari, wakati Zetec kwenye Ford Mondeo ilikuwa imelala kiubavu, kwahiyo utaanza kusaka giaboksi la Ford Sierra, mara sampu fupi (bakuli la oili chini ya injini), mara hiki mara kile, hela inaisha hivihivi. Duratec, injini ya Ford iliyokuja baada ya Zetec, ni nyepesi kweli, bloku ya aluminiamu, ila kwa bajeti uliyotaja mmh.

Kontrol boksi (kompyuta ya injini) baki na la kiwandani kama hutafuti nguvu zaidi, ila nunua gari zima lililogongwa upate waya zote, mi niliuziwa zimekatwa karibu kabisa na soketi, wiki mbili nimeshika mita ya umeme natafuta waya wa sensa ya kamshafti tu 😂. Ukija kufunga throto nne (moja kila silinda) ndo uende MegaSquirt, kompyuta ya injini unayoipanga mwenyewe, na sensa ya oksijeni ya waidibendi, inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta, usitegemee kunusa ekzosi. Halafu uliza mwaka wa injini kabla hujalipa, maana ndo unaamua utapimwaje moshi kwenye ukaguzi wa IVA, ule wa Uingereza wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa.