Ngazi za Palma

Morogoro, Jumapili

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaiacha mezani siku mbili, kisha nikairudia. Umekuwa wakili miaka tisa, umekuwa diwani kipindi kimoja, na sasa chuo kinakuita ukaongoze kitivo cha sheria. Ukaniuliza: "Mama, mtu aliyeonja siasa akikalia kiti cha chuo, si atakigeuza chuo kuwa tawi la chama? Au mimi ndiye nitakayefungwa mdomo?" Halafu mwishoni, kama mtu anayeaga mlangoni, ukauliza yule Palma aliyeandikwa nyuma ya picha yangu ya ujana ni nani.

Naanza na Palma, maana nikimweleza yeye nitakuwa nimefika kwako.

Picha ile ni ya 1986. Nilikuwa Los Baños, mkoa wa Laguna, nchini Ufilipino, nikisomea mpunga. Mwisho wa juma moja tulipanda basi kwenda Diliman, kwenye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, tukapigwa picha kwenye ngazi za jengo linaloitwa Palma Hall. Wanafunzi wenyewe huliita AS, kifupi cha Arts and Sciences. Marcos, rais dikteta wa nchi ile, alikuwa ameanguka Februari mwaka uleule, lakini mabango kwenye ngazi zile hayakuwa yameteremshwa. Kijana mmoja alikuwa ameshika kipaza sauti akidai ardhi ya wakulima. Nilishangaa kwamba hakuna aliyemfukuza. Niliporudi Los Baños nikaenda maktaba kumtafuta mwenye jina.

Rafael Palma alizaliwa Tondo, Manila, 1874. Alisoma sheria katika chuo cha Santo Tomas, lakini vita vya kupigania uhuru vilimfikia kabla ya mahakama. Aliandika katika La Independencia, gazeti la Jenerali Antonio Luna. Majeshi ya Marekani yaliposonga mbele, wale vijana walipakia mtambo wao ndani ya behewa la treni, wakawa wanachapa gazeti huku wakihama kituo hadi kituo. Mdogo wake, José, alikuwamo humohumo. Shairi lake la 1899 ndilo lililokuja kuwa maneno ya wimbo wa taifa. Luna alipouawa Juni 1899, Rafael akashika uhariri. Mwaka uliofuata akawa Cebu na Sergio Osmeña, wakianzisha gazeti jingine, El Nuevo Día. Jina la Osmeña lishike, nitalirudia.

Baada ya hapo ngazi zilipandwa haraka. Akawa wakili. Mwaka 1907 Cavite ilimchagua kuingia Bunge la kwanza, 1908 akateuliwa kwenye Tume iliyotawala visiwa pamoja na Wamarekani, na 1916 akawa seneta wa wilaya iliyobeba Manila na ile Laguna niliyoishi mimi. Akawa pia waziri wa mambo ya ndani. Vyeo hivyo sikuvikalia sana nilipokuwa nasoma. Nilichokalia ni hotuba yake ya Novemba 1919 ndani ya Seneti, akitetea mswada wa kuwapa wanawake kura. Ukumbi mzima ulikuwa wa wanaume waliochaguliwa na wanaume. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja ambaye angemlipa kura kwa maneno yale. Kura yenyewe ilikuja kupatikana Aprili 1937, wanawake 447,725 walipopiga ndiyo na 44,307 wakapiga hapana. Mimi, binti wa mkulima niliyetumwa ng'ambo na nchi yangu kusoma mbegu, nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Mwaka 1923 akakabidhiwa Chuo Kikuu, kwanza kama kaimu, akakiongoza miaka kumi. Hapa ndipo swali lako lilipo.

Mwaka 1933 Ufilipino iligawanyika kama nyumba inayogombea urithi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Hare-Hawes-Cutting, likimpiga kumbo Rais Hoover aliyekuwa ameikataa. Iliahidi uhuru baada ya kipindi cha mpito cha miaka kumi. Osmeña na Manuel Roxas ndio walioileta nyumbani. Manuel Quezon, rais wa Seneti ya Ufilipino na mwenye nguvu kuliko wote, aliipinga: Marekani ingebaki na kambi za kijeshi, na biashara ya visiwa ingebanwa. Nchi ikawa na makundi mawili, Pro walioikubali sheria na Anti walioipinga. Palma akasimama hadharani upande wa Pro, akiwa bado kwenye kiti cha rais wa chuo. Na chuo kile kilikula kwa mkono wa Bunge la Ufilipino, na Bunge hilo lilimfuata Quezon. Oktoba sheria ikakataliwa. Mwaka huohuo Palma akaondoka chuoni.

Nimelipima jambo hili miaka mingi, Neema, maana halina upande mmoja. Unaweza kusema alimfuata tu rafiki yake wa Cebu. Unaweza kusema pia kwamba mwalimu mdogo na mwanafunzi maskini hawakuombwa ruhusa kabla mkubwa wao hajamkasirisha anayewatia ugali sahanini. Hoja hiyo ya pili ni nzito, nawe usiipuuze. Lakini nikijiuliza angefanya nini kingine, sioni. Kuhusu uhuru wa nchi yake, mtu aliyechapa gazeti ndani ya treni akilikimbiza lisitekwe, angeanzaje kusema hana maoni? Nami naona alitenda sawa mara mbili: aliposema, na alipoondoka. Mwaka 1934 ikaja sheria ya Tydings-McDuffie, iliyofanana sana na ile ya kwanza, na safari hii Quezon mwenyewe aliikubali.

Nakuambia na langu. Nilipokuwa mkuu wa sehemu kwenye kituo kimoja cha utafiti, uliamuliwa uamuzi mbaya kuhusu mashamba ya majaribio. Nilijua ni mbaya. Nikanyamaza ili fungu letu lisikatwe. Fungu halikukatwa, lakini vijana wangu wawili walioanza utafiti kwenye mashamba yale walipoteza misimu miwili, na hadi leo nikikutana nao natangulia kuinamisha macho. Kwa hiyo usinisikilize kama mtu aliyewahi kushinda mtihani huu.

Basi nenda, mwanangu. Siasa haiingii chuoni kwa sababu mkuu alikuwa diwani. Inaingia pale mkuu anapogawa ajira, udhamini na alama kwa kuangalia nani wa kwetu. Cheo cha chama kiache kabla hujasaini, na ukiache kwa barua, siyo kwa mdomo. Maoni yako usiyaache. Somo lako ni sheria. Ukiogopa kusema katiba inasema nini, utawafundisha nini?

Kabla ya kusaini, soma hati idhini ya chuo. Tazama nani anamwondoa mkuu wa kitivo, kwa sababu zipi, na kwa utaratibu gani. Uliza fedha zinatoka wapi. Kisha kaa na mumeo mhesabu mtaishije miezi sita ukiamka siku moja huna kiti. Uwakili usiuache kabisa. Lipa ada zako, leseni ibaki hai. Mwenye pa kurudi husema kwa utulivu zaidi.

Palma alirudi kwenye kalamu. Aliandika maisha ya José Rizal, shujaa wa taifa lao, kwa Kihispania, kazi iliyoshinda shindano la serikali 1938. Alikufa Mei 1939. Kitabu kilichapwa miaka kumi baadaye, na 1950 maaskofu Wakatoliki wakatoa tamko kukipinga, maana hakikuwapendeza alivyoeleza imani ya Rizal. Hata kaburini aliendelea kuwa na wapinzani.

Rais wa chuo nilipofika mimi alikuwa naye mwanasheria, Edgardo Angara. 1987 alitoka chuoni akaenda Seneti. Njia ileile, kinyumenyume. Huko mlango huo haujawahi kufungwa.

Picha nimeitia ndani ya bahasha hii. Mimi ni yule wa kushoto, mwenye kitambaa cha kichwa. Yule kijana wa kipaza sauti utamwona nyuma yangu, nusu uso. Baba yako anakusalimu, na anauliza watoto wanafika lini, embe zimeanza kuanguka. Uje na hiyo hati idhini, tuisome pamoja barazani.

Mama yako