Swipa Si ya Kila Mkono

Wiki hii kijana mmoja anayecheza besiboli ameniandikia: "Kaka, nianze na swipa au splinka? Na mwenzangu anataka kununua gongo la topido, anunue?" Swipa na splinka ni aina za kurusha mpira, topido ni umbo la gongo. Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikakosa usingizi. Swali lake liligusa kidonda changu.

Nilikuwa mrushaji, na sikujaliwa kasi. Nilichokuwa nacho ni mpira mmoja uliotoka mkononi kama unamwendea mpiga mbavuni, halafu ukahama kando na kuvuka sahani yote, kile kibao cha chini kando ya mpiga. Mwalimu wetu wa warushaji aliuita mpira mvivu. Alitaka slaida, mpira wa kupinda ulio mfupi, mkali, wenye kushuka. "Wako unatembea tu," aliniambia mbele ya wenzangu wote, "mpiga mzuri atausubiri." Wapiga wenyewe walikuwa wakiukosa na kukata hewa kila siku mazoezini, naye anaona. Orodha ya kikosi ilipotoka, jina langu halikuwamo. Miaka imepita na maneno yale bado yananichoma.

Basi ikaja Machi 2023, Miami, fainali ya World Baseball Classic, mashindano ya besiboli ya mataifa. Japani inaongoza 3-2, wapiga wawili wa Marekani wameshatoka katika awamu ya mwisho, hesabu imejaa: kosa moja zaidi la mpiga na mchezo umekwisha. Shohei Ohtani, mrushaji wa Japani, anamkabili Mike Trout, nahodha wa Marekani na mwenzake wa klabu moja. Mpira wa mwisho ukawa swipa. Trout akazungusha gongo, mpira umeshahama. Nilisimama nikapiga kelele peke yangu chumbani, kwa maana mwendo ule niliujua vizuri mno. Msimu huohuo Statcast, mfumo wa takwimu wa ligi kuu ya Marekani, wakaanza kuihesabu swipa kama aina yake yenyewe. Kilichoitwa uvivu kikapata jina na safu yake katika takwimu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, la kwanza: ujue mpira wako unafanya nini kabla hujaomba wa mtu mwingine. Swipa huhama kwa sababu ya mzunguko wa upande, na pia kwa sababu ya mshono. Mshono ukikaa mahali panapofaa, hewa hubanduka upande mmoja wa mpira mapema kuliko upande wa pili, na mpira husukumwa kando, mara nyingi sentimita 30 na zaidi. Kama kiganja chako kwa asili hupita ubavuni mwa mpira unapoachia, utaipata upesi. Kama kiganja chako hukaa nyuma ya mpira, utaitafuta mpaka kiwiko kilie. Tena kumbuka swipa humsumbua zaidi mpiga wa upande wako: mrushaji wa kulia dhidi ya mpiga wa kulia. Kwa mpiga wa kushoto inamwingilia taratibu kwenye njia ya gongo lake, na hapo utaumia.

Splinka ni hivyo hivyo. Paul Skenes, mrushaji wa ligi kuu, ameipa sifa, mpira ulio kati ya splita na sinka, aina mbili za mpira unaoshuka, na mwaka 2025 akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Lakini Skenes anao mpira wa kasi unaofika maili 100 kwa saa. Mpiga anaogopa huo kwanza, ndipo splinka inamnasa. Wewe mpiga anaogopa nini kwako? Anzia hapo.

Gongo la topido nalo ni halali. Unene umesogezwa karibu na mikono, ncha ikapunguzwa, na kipenyo hakizidi inchi 2.61 za kanuni. Machi 29, 2025 timu ya Yankees iliwapiga Brewers homurani 9, mipigo ya kuvuka uwanja, katika mchezo mmoja, baadhi ya wapiga wake wakitumia topido, dunia nzima ikaanza kuliulizia. Lakini Aaron Judge wa Yankees alipiga 3 kati ya hizo kwa gongo lake la kawaida! Mwenzako aangalie alama za mpira kwenye gongo lake. Zikiwa karibu na mikono, topido litamfaa. Zikiwa karibu na ncha, litamharibia.

Juu ya saa ya kurusha, muda anaopewa mrushaji kabla ya kurusha, sina mengi ya kusema: sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, zoea kupumua haraka.

Ila juu ya mkono nitasema hata ukichoka kunisikiliza. Desemba 2024 ligi kuu ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, na ikataja mambo haya haya: kukimbilia kasi, kukimbilia mwendo wa ajabu, kurusha kila mpira kwa nguvu zote. Vijana mnafanyiwa upasuaji wa kiwiko kabla hamjamaliza kukua, nanyi mnauzungumzia kama daraja la kupanda! Acheni. Mpira mmoja unaoujua, pumzisha mkono, ujue mpira wako.

Nitumie video, nitaitazama. Ipigwe kutoka nyuma ya kilima cha mrushaji, usawa wa bega lako, simu ikiwa kwenye mwendo wa polepole. Ya pembeni haionyeshi mpira unahamia wapi.