Kabla Hujampandisha Mzee Matatu ya Nairobi

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia. Baba yake yuko kijijini, mkojo unamsumbua, na Jumapili anataka kumpandisha matatu aje Nairobi. Nimwelekeze hospitali nzuri. Najua wengi wenu mko hivyo hivyo, mnatafuta maisha huku mjini na mzee anaugulia mashambani. Jibu langu ni kwamba asimpandishe bado.

Baba yangu anaishi Kyuso, kaunti ya Kitui. Mwanamume wa rika lake hamsimulii binti yake habari za mkojo. Mimi nilizipata kwa mjukuu wake, aliyeona babu kila mara anatoka nje usiku. Walikokwenda kwanza waliambiwa ni uzee. Baba akaridhika, maana jibu hilo halikumdai hata shilingi. Kisha usiku mmoja mkojo ukaziba kabisa, wakambeba kwa bodaboda, barabara ile mnaijua, na kibofu kimejaa. Akawekewa mpira wa kutolea mkojo, unaomiminika kwenye mfuko.

Kaka yangu mkubwa akaamuru kwenye grupu la familia: "Mleteni Nairobi." Kuamuru hakuna nauli.

Basi Baba akaja. Mfuko wa mkojo aliutia kwenye kiondo cha Mama, akaufunika kwa leso, akaupakata toka Mwingi hadi Thika hadi huku. Kondakta alipotaka kukitupa kiondo kwenye buti, mzee akang'aka: "Hii ni mali yangu!" Nilicheka aliponisimulia. Baadaye muuguzi akanifundisha kwamba mfuko ule hukaa chini kuliko kibofu, la sivyo mkojo unarudi ulikotoka na kuleta maambukizi. Kumbe kiondo kilitakiwa kuwa miguuni. Hakuna aliyetuambia siku anawekewa.

Hospitali kubwa tuliyokwenda, sitaitaja, dirishani waliuliza barua ya rufaa. Hatuna. Mashine ya alama za vidole nayo ikavikataa vidole vya Baba, jembe limeisuguasugua ngozi ikabaki laini kabisa. Akavipangusa kwenye suruali, akajaribu kingine, na kingine. Nyuma yetu watu wanaguna. Nilimwona mzee wangu akiomba radhi kwa kuwa na mikono ya mkulima, na mpaka leo jambo hilo linanichoma.

Tukaenda maabara ya kulipia kupima damu, kile kipimo cha PSA kinachoangalia tezi dume. Kikatoka juu. Nyumbani wakaanza kulia saratani. Daktari bingwa tuliyempata mwishowe alitutuliza: mkojo ukiziba, au mtu akiwekewa mpira, kipimo hicho hupanda chenyewe, hivyo huwezi kukisoma peke yake. Walichunguza kinyama cha tezi, haikuwa saratani. Ni tezi dume iliyovimba, jambo la kawaida kwa wazee wa kiume. Tarehe ya upasuaji hapa ikawa mbali sana. Daktari huyo mwenyewe ndiye akauliza kwa nini hatukuanzia hospitali ya rufaa ya kaunti yetu, maana daktari wa upasuaji wa jumla anaitoa tezi kama hiyo. Tulirudi kule, ikatolewa, Baba analala usiku kucha.

Kwa hivyo ndugu zangu, anzeni kule kule. Piga simu uulize kliniki ya upasuaji ni siku gani, kwa sababu si kila hospitali ya kaunti ina daktari bingwa kila siku. Ikibidi kuja Nairobi, mzee aje na barua ya rufaa, matokeo ya vipimo na dawa anazomeza. Anzeni kule, nasema tena. Na mkiambiwa "ni uzee", ulizeni uzee wa kiungo gani.

La SHA, bima ya afya ya serikali, wengi hawalijui. Tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, ile asilimia 2.75 unayokatwa kwenye mshahara ni kwa ajili yako, mwenzi wako na watoto wako. Baba yako hayumo. Anasajiliwa kivyake kwa *147#, na asiye na mshahara hulipia mwaka mzima kwa mkupuo, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Mlipieni sasa akiwa mzima. Pesa za Inua Jamii, zile 2,000 za serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, mwachieni anunue sukari na tumbako yake.

Halafu tuambizane ukweli. Mzee akifa, kamati inaundwa siku hiyo hiyo, mweka hazina anapatikana, hema na masufuria vinakodishwa bila ubishi. Akiwa hai na anahitaji nauli ya kliniki, grupu zima linasoma na kunyamaza, alama za buluu tupu. Mungu anatuona. Wengine mtajitetea kwamba kila mtu ana mzigo wake, nami nina kodi ya nyumba Umoja na watoto shuleni, lakini niliutoa mchango wangu wote.

Kaka yangu bado hajaleta wake. Huwa anasoma hapa.