Maswali na majibu: Makala ya NF-104A na namba zisizo na chanzo

Tangu kikundi chetu cha wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili hapa Mbeya kianze kuiboresha makala ya NF-104A, ndege ya Marekani iliyotumika kuwafundisha marubani kuruka katika mwinuko mkubwa mno, barua zimekuwa nyingi. Nimechagua chache.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ndege hii ilifika futi 120,800. Je, ni sahihi kuandika kwamba ilifika anga za juu na kuweka rekodi ya dunia? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba. Si sahihi, na naomba sentensi hiyo iondolewe leo. Futi 120,800 ni sawa na mita 36,820 hivi. Mpaka unaotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Urukaji, FAI, ni kilomita 100. Hata Jeshi la Anga la Marekani, ambalo kipimo chake ni cha chini zaidi, liliwatambua kama wanaanga wale tu waliovuka maili 50, yaani kilomita 80 hivi. NF-104A haikufika hata nusu ya hapo. Kuhusu rekodi, rubani Robert Smith aliufikia mwinuko huo tarehe 6 Desemba 1963, lakini haukuwahi kuwa rekodi rasmi. Rekodi rasmi ya ndege za injini ya jeti ni ya Alexander Fedotov, aliyefika mita 37,650 kwa ndege ya aina ya MiG-25 iliyofanyiwa marekebisho, tarehe 31 Agosti 1977. Kila namba ya mwinuko iandikwe pamoja na jina la rubani, tarehe, kipimo cha mita, na neno moja linalosema kama ni rasmi au si rasmi. Namba iliyovuliwa mambo hayo humpotosha mwanafunzi kuliko ukurasa mtupu.

Swali: Kwa nini mlifuta makala yangu? Ilikuwa ndefu kuliko yenu. (Msomaji, Makambako)

Hili nalijibu kwa mara ya nne. Ilitafsiriwa na mashine, na hukuisoma kabla ya kuihifadhi. Ndege iliyotengenezwa kwa ajili ya mafunzo haiitwi «ndege mkufunzi», kwa maana mkufunzi ni mtu. Mtoto wa sekondari pale Uyole akilikuta neno hilo kwenye kamusi elezo ataliamini, naye atalipeleka kwenye mtihani.

Swali: Naweza kutumia filamu kama chanzo? (Msomaji, Mafinga)

Hapana.

Swali: Mwalimu, nimeshindwa kueleza kwa Kiswahili jinsi ndege hii ilivyofanya kazi. Nianzie wapi? (Msomaji, Iringa)

Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu makala yetu ina aya tatu za ajali na mstari mmoja tu wa ufundi. Anza na sababu: mwanzoni mwa miaka ya 1960, shule ya marubani wa utafiti katika kambi ya Edwards, California, ilihitaji ndege ya kuwazoesha marubani mahali ambapo hewa ni haba kiasi kwamba usukani wa kawaida haufanyi kazi. Ndege tatu za kivita za aina ya F-104A zilifanyiwa marekebisho mwaka 1963. Mbawa zilirefushwa, na juu ya injini ya jeti, chini ya mkia, ikaongezwa injini ya roketi yenye msukumo wa pauni 6,000 hivi, iliyotumia mafuta ya ndege pamoja na peroksidi ya hidrojeni.

Kisha eleza safari yenyewe. Rubani aliongeza mwendo akiwa amenyooka, akawasha roketi, akainua pua ya ndege na kupanda kwa mwinamo mkali. Huko juu injini ya jeti ililazimika kuzimwa kwa kukosa hewa ya kutosha, nayo ndege ikaendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata, kama jiwe lililorushwa, hadi ikafika kilele na kuanza kushuka. Kwa kuwa vibao vya mbawa na mkia havikuwa na hewa ya kusukumana nayo, rubani aliigeuza ndege kwa vipulizi vidogo vya peroksidi vilivyowekwa puani na kwenye ncha za mbawa.

Usisahau suti ya kanieneo, yaani vazi lililomkinga rubani mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo mno. Sisi wa Mbeya, tukiwa mita 1,700 hivi juu ya bahari, tunajua maharage yanavyochelewa kuiva, kwa kuwa maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kwenye kilomita 19 maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu, na ndege hii ilipanda karibu mara mbili ya hapo.

Swali: Je, ajali ya Chuck Yeager iwe mwanzoni mwa makala? (Msomaji, Njombe)

Iwe na kifungu chake, baada ya ufundi. Tarehe 10 Desemba 1963 Yeager, aliyekuwa mkuu wa shule hiyo, alishindwa kuidhibiti ndege ikizunguka, akajirusha na kuungua vibaya usoni. Jambo ambalo wahariri wetu wameliacha ni kwamba siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kuufuta mradi wa chombo cha anga za juu cha X-20, mojawapo ya vyombo ambavyo shule ile iliwaandalia marubani. Msomaji anastahili kuyaona mambo hayo mawili pamoja, bila mwandishi kudai kwamba moja lilisababisha lingine.

Swali: Baba mdogo alikuwa fundi wa ndege, naye amenieleza mengi. Niyaweke? (Msomaji, Tunduma)

Mheshimu baba mdogo, yaandike anayokueleza na uyatunze, lakini usiyaweke kwenye makala mpaka uyapate katika maandishi yaliyochapishwa ambayo mtu mwingine anaweza kuyafungua na kuyahakiki.

Swali: Picha je? (Msomaji, Mbozi)

Picha zilizopigwa na watumishi wa serikali ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini humo, kwa hiyo anzia hapo. Ndege moja kati ya zile tatu imesimamishwa juu ya nguzo huko Edwards, lakini picha yake iliyopigwa na mtalii ni mali ya mtalii huyo. Mwombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuipakia.